Coaster yetu kwanza breki, tabo baadaye

NIANZE kwa kuungama: na mimi nilipiga makofi. Katibu aliposimama kwenye kikao cha wanachama pale Kilosa na kutangaza kwamba Coaster ya timu sasa inafungwa tabo, ukumbi mzima uliinuka. Mzee mmoja nyuma yangu, Yanga damu, akapaza sauti kwamba msimu huu tutawapita watu mlimani huku tumefungua madirisha tunawapungia. Tukacheka sana. Kofia ikazunguka hapohapo, na elfu tano yangu imo.

Nimelala, nimeamka, nimejiuliza: hivi tabo ya nini?

Kwa wasiolijua gari lenyewe, ni Coaster ya zamani ya injini ya 1HZ. Ilikuwa imelala nyuma ya gereji moja Mikumi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Timu ikainunua kwa bei ya huruma. Kazi waliyofanya mafundi wetu, wengi wao vijana ambao jioni ndio hao hao wanacheza kiungo na beki, haina mfano. Wamekwangua kutu sakafu nzima, wamechomelea chesisi mahali ilipoliwa, wamenyoosha bodi, viti vimeshonwa upya, rangi ya timu imekaa vizuri mpaka watoto wanaikimbilia. Mafundi wa Mikumi si wa kubeza, bwana. Malori ya Zambia na Kongo yanapita mlangoni kwao usiku na mchana, na yakiharibika hapo ndipo yanaponea.

Gari chakavu si aibu. Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Alilipata likiwa mtumba, likaandaliwa upya, na magari mapya yakabaki nyuma yake.

Sasa hamu ya tabo ilikotoka. Mnakumbuka ile mechi ya kirafiki ya Iringa. Tulitoka Kilosa alfajiri, tukapita Ulaya (ndiyo, wilaya yetu ina Ulaya yake, na wachezaji wetu wamekwenda Ulaya mara nyingi kuliko nyota wengi wa Ligi Kuu), tukachukua nusu ya kikosi Mikumi, tukafika Mbuyuni tunaimba. Kitonga ikatunyamazisha. Gari lilipanda kwa gia namba moja, lori la saruji likatupita, halafu rejeta ikachemka. Wachezaji wakashuka wakapanda kwa miguu. Tulifika uwanjani waamuzi wameshaingia, tukapigwa tatu. Tangu siku hiyo kila mtu anataka tabo, na mimi siwalaumu.

Lakini ile safari ilikuwa na kurudi. Kwenye kikao hakuna aliyeitaja. Tulishuka Kitonga usiku, gari limejaa, na katikati ya mlima harufu ya lainingi kuungua ikaingia ndani. Mimi nilikaa kiti cha pili nyuma ya dereva. Nilimwona anakanyaga breki, mguu unakwenda mpaka chini, anainua, anakanyaga tena. Hakupiga kelele. Alirudisha gia, injini ikalia kama inataka kutoka, akalibana gari upande wa ukuta wa mlima mpaka likapunguza. Nyuma wengine walikuwa wanaendelea kubishana kuhusu penalti. Tulipofika Mbuyuni dereva alishuka, akakaa kwenye jiwe, na kwa muda mrefu hakuzungumza na mtu.

Kupanda kulitutia aibu. Kushuka nusura kutuzike wachezaji 18 na sisi wapambe wao. Kikao kikajadili kupanda tu.

Tuiongelee hiyo tabo yenyewe, maana watu wanaitaja kama hirizi. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiongezeka unaweza kuchoma dizeli zaidi, na nguvu inapanda. Mhimili ule huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja huku ukielea kwenye oili, kwa hiyo oili ikiwa chafu au ikichelewa kufika, tabo imekwenda. Ndiyo maana dereva wa gari la tabo akimaliza mlima hazimi injini hapohapo. Anaiacha ingurume kidogo ipoe.

Na inafanya kazi, nisiseme uongo. Toyota walishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwa Celica ya tabo, katika joto na vumbi la huku huku kwetu.

Tatizo ni jinsi tunavyotaka kuifunga. Mpango uliosomwa kikaoni ni kuchukua tabo ya skrepa na kuipachika juu ya 1HZ ileile iliyochemka Kitonga. 1HZ ni injini ngumu, kila anayeijua Land Cruiser atakwambia, lakini ilizaliwa bila tabo. Inabana hewa mara 22.4 kabla ya dizeli kuwaka. Ndugu yake wa tumbo moja, 1HD-T, ambaye naye ni lita 4.2 na silinda sita mstari mmoja, alitoka kiwandani na tabo yake, na Toyota wakampunguzia kubana hadi mara 18.6. Hawakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Ukiongeza hewa ya tabo kwenye injini ambayo tayari inabana kupita kiasi, joto linapanda, na kinachofuata ni hedi kupasuka au pistoni kuyeyuka. Wapo wanaofunga tabo kwenye 1HZ na wanatembea, sikatai. Wanaifunga kwa presha ndogo, wanaweka kipimo cha joto la moshi, na dereva ana nidhamu ya kukitazama. Sisi kipimo cha rejeta tu kilikuwa hakifanyi kazi.

Anayetaka nguvu kweli atafute 1HD-T nzima. Japani kwenyewe Coaster za tabo za familia hiyo zilitoka, kwa hiyo si jambo la kubuni. Akiipata asiwashe na kushangilia mlio. Afungue chini aangalie beringi za konrodi, maana injini hizo za mwanzo zina sifa mbaya hapo, na nyingi zinauzwa kwa sababu hiyo. Aangalie klachi na gia boksi kama vitabeba nguvu mpya. Na rejeta, jamani, rejeta! Kisha namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari kabla trafiki hajatuuliza njiani, tukiwa tunawahi mechi.

Orodha hiyo ni ndefu na ina gharama. Mtibwa Sugar walipochukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, nyuma yao kulikuwa na kiwanda cha sukari. Nyuma yetu kuna kofia inayozunguka. Kwa hiyo swali ni kofia ianze na nini.

Mimi nasema ianze na lainingi, dramu, masta silinda na mabomba ya breki yote mapya, na ekzosi breki irudishwe ifanye kazi. Halafu rejeta na kipimo chake. Kuna rafiki yangu, Simba lialia, ameniambia naogopa maendeleo. Nikamuuliza, hiyo spidi utaikimbizia wapi? Kilosa hadi Mikumi barabara miaka yote imekuwa ya vumbi. Kutoka Mikumi kwenda kucheza Jamhuri, Morogoro, unakatiza hifadhini kama kilomita 50, na humo mwisho ni 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Ukimgonga mnyama faini yake kofia yetu haiiwezi. Inabaki Kitonga, na Kitonga gari lenye rejeta nzima litapanda. Polepole, ndiyo. Tuondoke saa moja mapema.

Huwezi kusajili straika wa mabao 20 wakati kipa anadaka bila glovu. Hilo kila shabiki analijua akiwa jukwaani, ila tukifika kwenye gari tunalisahau, kwa sababu tabo inalia na breki hazilii. Hazina mlio wa kumtambia mtu stendi ya Mikumi.

Dereva wetu hakuwepo kikaoni. Hakualikwa, nimeuliza, nikaambiwa kikao kilikuwa cha wanachama na yeye kadi yake haijalipiwa. Jumapili hii kikao kinaendelea. Nitamlipia hiyo kadi, aje asimame mbele awasimulie alichokisikia chini ya mguu wake usiku ule. Na elfu tano yangu siidai, katibu. Naomba tu pale kwenye daftari ufute neno tabo uandike breki.