Kiwanda Kilichosahaulika: Nyumba Mpya na Hekima ya Msamiati wa Kale

Ni jambo lisilopingika kwamba ujenzi wa nyumba mpya ni miongoni mwa masuala yanayozua mjadala mkali nchini Kenya. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri huchangia kiasi hicho hicho. Wengi wameuliza nani atozwe na nani apewe nyumba. Wachache mno wameuliza iwapo nyumba yenyewe itakalika bila ya kumfilisi mwenyewe kwa gharama ya umeme.

Swali hilo lina jibu la kale katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urathi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa hupokea joto polepole, hivi kwamba mchana unaisha kabla ya jua kupenya ndani. Vichochoro vyembamba hutiliana kivuli. Ndani ya nyumba mna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na kupitisha hewa vyumbani. Hakuna kiyoyozi kilichohitajika.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Leo akisikia neno 'kiwanda', hufikiria mitambo na moshi. 'Daka' na 'msana' huenda asizitambue kabisa, na 'zidaka' huzikumba tu anaposoma Al-Inkishafi, ambamo mtunzi anaomboleza majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Neno linapopotea, maarifa yaliyobebwa nalo hupotea pia. Msanifu majengo asiye na jina la ua wa ndani hatauchora. Atachora sanduku la saruji, madirisha makubwa ya vioo yakielekea magharibi, na paa la mabati lisilo na dari. Kisha mkaazi atanunua feni, na baadaye kiyoyozi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mambo ya kale. Hoja yao ina uzito. Mawe ya matumbawe hayatoshi kujengea miji ya leo. Kuchoma chokaa huteketeza kuni nyingi. Na boriti hutoka katika mikoko, ambayo ni mazalio ya samaki na kinga ya pwani. Aidha, vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti una kikomo. Kuiga kila kitu kungekuwa kuharibu mazingira kwa jina la kuyahifadhi.

Hata hivyo, kinachostahili kurithiwa si mawe bali kanuni. Nchi iliyo kwenye ikweta hupigwa na jua la asubuhi mashariki na la jioni magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha yaelekee kaskazini na kusini. Mjenzi wa pwani anayezijua pepo za kusi na kaskazi atajua pia mahali pa kuacha upenyo. Matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo hayahitaji tanuri, ilhali utengenezaji wa saruji huchangia takribani asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Mambo haya hupangwa kwenye mchoro, kabla ya msingi kuchimbwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta uliokosewa mwelekeo hauzibiki.

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Yafaa basi idara za Kiswahili zishirikiane na zile za usanifu majengo: istilahi za ujenzi zikusanywe kutoka kwa mafundi wazee wa Lamu, Pate na Mombasa kabla hawajaondoka nazo, na zifundishwe kama maarifa hai wala si mapambo ya kamusi. Mwananchi anayekatwa mshahara kila mwezi anastahili nyumba yenye kivuli. Lugha yake ilikwisha kuipa jina.