Vilima vile vile, makosa yale yale

Chanzu na Runyonyi. Kijana wa Rutshuru hana lazima ya karta ili ajue vilima hivi viko wapi. Mu mwezi wa 11, 2013, njo kule FARDC, pamoja na brigade ya MONUSCO yenye askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, walivunja M23. Mu mwezi wa 11, 2021, miaka nane kisha, M23 ikashambulia tena. Wapi? Chanzu na Runyonyi! Tarehe 13/06/2022 Bunagana ikaanguka. Tarehe 27/01/2025 wakaingia Goma, muji waliokuwa wameisha kukamata tarehe 20/11/2012.

Wandugu, adui ana nguvu, na tunajua nani anamupa nguvu: wataalamu wa ONU wameandika juu ya Rwanda mwaka kwa mwaka. Lakini Rwanda haikatazi jenerali wetu kuandika rapoti ya kushindwa kwake.

Kujifunza kwa jeshi si mambo ya diplome. Mapigano yakiisha, mukubwa na mudogo wanaikala chini, wanaulizana: tulipanga nini, kulitokea nini, juu ya nini, kesho tubadilishe nini? Kaporali aliyekuwa mbele anasema risasi ziliisha, waliita kwa redio, hakuna aliyeitika. Koloneli anaandika. Hamutishi, hamufungi. Kwetu kaporali huyo ananyamaza, kwa sababu anajua akisema chakula haikufika, ataonekana kama anashitaki mukubwa wake. Basi kile anachojua kinakufa naye.

Wakubwa wao wanahamishwa, basi. Siku mbili kisha Goma kuanguka mu 2012, mukuu wa majeshi ya inchi kavu alisimamishwa, kwa sababu rapoti ya ONU ilimutaja katika biashara ya silaha. Mu 2014 akarudishwa kwenye ukubwa. Kama hakuwa na kosa, sawa. Lakini kosa lilikuwa la nani? Hakuna aliyetuambia raia. Na Minova, kwenye askari wetu waliokimbia Goma walibaka wanawake? Washitakiwa 39, na mu 2014 wawili tu wakahukumiwa kwa ubakaji. Somo gani askari mwengine alipata pale?

Musituambie jeshi hii haiwezi kubadilika. Zamani mushahara wa askari ulipitia mikononi mwa makomanda, na askari hewa walikuwa wanalipwa kuliko wale wenye kupigana. Kwa musaada wa mission ya Ulaya, EUSEC, wakahesabu askari mumoja mumoja, wakatenganisha njia ya pesa na njia ya amri, kisha wengi wakaanza kulipwa kwa banki. Wizi haukuisha, tunajua, bana. Lakini kosa lilitajwa kwa jina lake, na kitu kikabadilika.

Watasema: siri ya jeshi. Siri gani? Adui aliingia Goma, anajua kuliko sisi vile muji ulianguka. Hata wale askari wa kukodiwa wa Romania, waliopita Rwanda kurudi kwao, wanajua. Anayefichwa ni mama wa Goma na kijana aliyezika kaka yake.

Tunaomba Bunge ifungue uchunguzi juu ya kuanguka kwa Goma na Bukavu. Isikilize askari wa cheo kidogo bila makomanda wao kuwa mu chumba, na anayesema ukweli asiazibiwe. Watoe majina ya vikosi na mipango ya vita kama iko lazima, lakini yale mengine yasomwe mbele ya watu, na yafundishwe Kananga, Kitona na Kamina. Leo wanaita vijana waingie jeshi. Kijana anayekubali ana haki ya kujua, mbele ya kupewa bunduki, wale waliokuwa Sake mu mwezi wa kwanza 2025 walikosa nini.