Mwani hauhitaji dawa, unahitaji chumvi isiyoyumba



Leo sibembelezi mtu. Masika haya nimeitwa kwenye nyua tatu, Mbweni, Kunduchi na Kigamboni, na kote nimekuta jambo lile lile. Tenki la kamba, mwani umegeuka mweupe na unateleza kama bamia, maji yananuka, kamba wamelala ubavu. Na kote, pembeni ya tenki, ipo "dawa ya mwani". Mmoja aliuziwa mrututu. Wa pili aliambiwa mwani ni mmea na mmea unataka mbolea, akamwaga urea. Wa tatu alikuwa na chupa isiyo na maandishi yoyote.

Nasema wazi: hiyo dawa ya mwani haipo. Anayekuuzia anakula hela yako, hata kama mwenyewe anaamini anachouza.

Tuanze na mrututu. Mrututu ni shaba. Ni kweli shaba huua mwani usioutaka, lakini kamba naye ni mdudu wa majini, na kiasi kidogo tu cha shaba humdhuru. Ukishaweka, hauondoki kirahisi, unabaki kwenye tope la chini. Sasa urea. Urea ikiingia majini hugeuka amonia. Amonia ndiyo sumu inayotoka kwenye kinyesi cha kamba na chakula kilichobaki, na ndiyo sababu uliweka mwani humo ili uinyonye. Kwa hiyo umelipa hela kuongeza sumu ile ile uliyotaka kuipunguza.

Kazi hii ya mwani si maneno ya kijiweni. Katika ghuba ya Makoba, Unguja, yapo mabwawa ya samaki yanayojazwa na maji ya bahari yakijaa. Watafiti Flower Msuya na Amir Neori walipitisha maji machafu ya mabwawa hayo kwenye mwani wa aina mbili, ulva na grasilaria, na mwaka 2002 wakachapisha matokeo: mwani ulipunguza amonia na kuongeza oksijeni. Ni chujio linalojilisha lenyewe kwa uchafu wako.

Wapo maafisa wenzangu wanaosema toa mwani wote, maji yawe safi kama ya kunywa. Nakiri, nami mwaka wangu wa kwanza kazini nilisema hivyo. Wana hoja moja ya kweli: usiku mwani nao huvuta oksijeni, na ukijaa tenki zima, alfajiri utakuta kamba wanahema juu. Lakini dawa ya hilo ni kuuvuna. Kila wiki toa kiasi, bakiza usizidi theluthi moja ya uso wa maji. Na ulichovuna kitoe nje kabisa, wape kuku au weka shambani baada ya kusuuza chumvi. Uchafu ulionyonywa na mwani huondoka siku unapoubeba nje. Ukiuacha ufe humo, umeurudisha wote.

Sasa kinachoua mwani ni nini? Mara nyingi ni mkono wa mwenye tenki, na sehemu kubwa ni chumvi.

Kwanza, mvua. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tenki lako la maji ya chumvi kidogo tuseme lina gramu 20. Kama maji yana kina cha sentimita 50 na ikanyesha mvua ya milimita 100, umeshuka chini ya gramu 17. Na hiyo ni kama yamechanganyika. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu, na mwani wako umeufunga juu. Kamba wa chini hajajua kitu, mwani umeshaoga maji baridi usiku kucha. Asubuhi mweupe. Unasema ugonjwa. Toboa tundu la kumwagia maji karibu na ukingo, ili maji ya juu yatoke yenyewe, funika tenki mvua kubwa ikija, na ufunge mwani sentimita 30 chini ya uso.

Pili, kiangazi. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Maji yamepungua kwa jua, mtu anakwenda baharini na ndoo kuongeza. Ndugu yangu, jua hunywa maji, chumvi halinywi! Tenki la lita 600 lenye gramu 20 lina kilo 12 za chumvi. Likikauka lita 100 ukajaza za bahari, umeongeza kilo 3 na nusu. Ukirudia mara tatu umefika gramu 37, chumvi kuliko bahari yenyewe. Yaliyokauka jazia maji baridi, kidogo kidogo. Kama ni ya bomba, yalaze wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue.

Tatu, kupima kwa ulimi. Watu wanaonja maji ya kisima, wanasema haya yana chumvi, yanatosha. Kisima kinachokushinda kunywa kinaweza kuwa na gramu 2 au 3 tu. Na chumvi ya dukani haina madini yote ya bahari ambayo mwani na gamba la kamba vinahitaji. Chota maji ya bahari yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, na usithubutu karibu na Msimbazi. Ndoo 4 za bahari kwa ndoo 3 za maji baridi hukupa karibu gramu 20. Kisha pima kwa kifaa, maana masika hata bahari ya pwani hupungua chumvi.

Nne, mbegu. Anayekuletea kotonii ya Zanzibar kwa ajili ya tenki la gramu 20 anakupoteza. Kotonii ni mwani wa bahari kamili, na hata huko baharini maeneo mengi umewashinda wakulima kwa joto na kubadilika kwa maji. Kwa tenki chukua grasilaria au ulva, uzoeshe kwa kushusha gramu 2 hivi kila siku. Usiende kuuchuma Mbudya, Bongoyo, Pangavini wala Fungu Yasini. Hizo ni hifadhi za bahari tangu 1975.

Tano, jua na tope. Tenki jeusi lenye maji ya magoti ni sufuria. Weka kivuli cha mchana, kiasi cha kupunguza jua bila kuleta giza. Na kila siku mbili utikise mwani kwa mkono, tope lidondoke. Mwani uliofunikwa na tope haupati mwanga.

Ukiona ncha zimekuwa nyeupe, usikimbilie dukani. Kata sehemu nyeupe yote, itupe nje, pima chumvi, punguza chakula cha kamba siku mbili. Ukibakiza kipande kizuri chenye ukubwa wa kiganja, kitaota upya.

Ndugu mfanyabiashara, sina ugomvi na riziki yako. Iondoe chupa hiyo rafuni, uweke kipimo cha chumvi, wavu wa kivuli na mpira wa kunyonyea tope. Kipimo kimoja watu kumi wa mtaa wanaweza kuchangia. Aliyeua kamba wake kwa dawa yako harudi kununua chochote, lakini aliyevuna atarudi.

Na sisi maafisa ugani tujisute. Dawa hizi zinauzika kwa sababu tunafika uani kamba wakishakufa. Mfugaji anamuuliza mtu aliye karibu, na aliye karibu ni muuza duka.

Vuli inakuja. Toboa hilo tundu la ukingoni sasa, tenki likiwa bado zima.

Ufugaji mwema.