Simbilisi hanuki jamani, kinachonuka ni kitanda chake!

MPENZI msomaji, kama na wewe ni mpangaji mwenzangu, basi unajua kwamba hodi ziko za aina mbili. Kuna hodi ya jirani anayetaka kukopa chumvi, na kuna hodi ya mama mwenye nyumba wakati kodi umeshalipa. Hii ya pili ndiyo noma, maana hujui kosa lako ni lipi.

Basi Jumamosi moja asubuhi niko kwangu Chang'ombe, sijanawa hata uso, nikasikia hodi ya aina hiyo ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, humo ndani mwako kuna kitu kimekufa?"

Nikamjibu hapana mama, ni wale wanyama wa mtoto tu. Akaziba pua kwa pindo la khanga, akanipa maneno ambayo sitayasahau: "Basi ama waoge, ama wahame. Na wakihama, wahame na wewe." Akageuka zake.

Siku ile hakuna kilichokuwa kimekufa. Lakini wiki mbili baadaye mmoja wa wanyama wale alikufa kweli, na aliyemuua ni mimi. Sikumpiga wala sikumnyima chakula. Nilimuua kwa kitanda. Leo nataka nikusimulie ili na wewe usije ukachemsha kama nilivyochemsha mimi.

Walikuwa wawili, Bosi na Katibu. Alikuja nao mtoto wa dada yangu, binti wa miaka tisa, alipotoka Njombe kuja kukaa na mimi asome hapa Dar. Begi la nguo lilikuwa dogo, lakini boksi lenye matundu alilipakata mapajani njia nzima. Kondakta aliambiwa ni vifaranga.

Kwa wale ambao hamjawahi kuvuka Chalinze, simbilisi si panya, ingawa wapangaji wenzangu mpaka leo wanaita "yale mapanya yako". Ni mnyama mnene mwenye manyoya, hana mkia, akikomaa anafika kilo moja hivi. Akisikia mfuko wa majani unachakarika anapiga kelele "wiii, wiii" kama filimbi. Asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, na Peru mpaka leo ni kitoweo. Kwetu sisi anajulikana zaidi nyanda za juu kusini, Iringa, Njombe na Mbeya. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 5 hadi 8. Kwa hiyo ukimchukua ujue si mambo ya mwezi mmoja.

Sasa sikiliza tofauti ya kijijini na mjini. Jikoni kwa bibi, simbilisi ana uwanja. Anakojoa kona hii, analala kona ile, na kukipambazuka bibi anafagia. Huku mjini tunamweka kwenye boksi chini ya meza. Sebule ni hapo, chumba cha kulala ni hapo, na choo ni hapo hapo. Analalia alichokojolea. Wewe mwenyewe ungeweza?

Siku ya kwanza mtoto aliniambia, "Mamdogo, bibi alikuwa anawawekea nyasi kavu." Nikacheka. Nikamwambia hapa ni mjini, nyasi nitazitoa wapi? Nikajiona mjanja, nikateremka Keko kwa mafundi wa makochi. "Chukua tu sista, kwanza unanisaidia kufagia," fundi akaniambia. Nikarudi na kiroba kizima cha vumbi la mbao, bure, bila kutoa mshiko wowote. Laini kama unga wa sembe! Nikamwaga humo ndani, nikasema haya, mmepata godoro.

Wiki ya kwanza mambo yakawa shwari. Wiki ya pili harufu ikaanza, ndiyo ile iliyomleta mama mwenye nyumba. Mimi nikafanya nini? Badala ya kutoa vumbi la zamani, nikawa naongeza jipya juu yake. Halafu nikapulizia manukato. Ubishoo mtupu!

Wiki ya nne Bosi akaacha kupiga filimbi. Manyoya yakasimama, macho yakawa na ute, pua inachuruzika, ubavu unapanda na kushuka kama amekimbia mbio. Mtoto akawa anamshikia jani la mchicha mdomoni, hali. Jirani mmoja akanishauri nikanunue amoxicillin ya watoto nimnyweshe. Namshukuru Mungu sikumsikiliza. Dawa za jamii ya penisilini zinaua vijidudu wazuri walioko tumboni mwa simbilisi, na zinaweza kummaliza kabla hata ugonjwa haujammaliza. Usijaribu kabisa.

Tukapanda bajaji kwenda kwa daktari wa mifugo. Mzee yule hakuanza na mnyama, alianza na boksi. Akainama, akaingiza pua yake humo ndani, akatoka anakohoa. "Binti, umewahi kuinama hapa ukavuta pumzi?" Nikasema hapana, shikamoo, samahani. Akanieleza kwamba mapafu yamechokozwa na vumbi, halafu mkojo ukimaliza kuoza unatoa hewa ya amonia, ile inayowasha macho kwenye vyoo vya stendi. Sisi tunaisikia tukiwa tumesimama. Mwenzetu pua yake iko sentimita 3 kutoka chini, usiku na mchana. Mapafu yakishachoka, nimonia haina kazi kuingia.

Kisha akamgeuza Katibu akanionyesha nyayo. Zilikuwa nyekundu. Simbilisi hana nyayo ngumu kama mbuzi. Akikaa kwenye unyevu, au kwenye sakafu ya waya au iliyokwaruza, nyayo zinachubuka, vidonda vinaingia mpaka kwenye mfupa, na kuvitibu ni kazi ya miezi.

Bosi alikufa usiku wa kuamkia Alhamisi. Asubuhi ilibidi nimwambie mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kusema "Mungu kampenda", kama tunavyosema wakubwa tukitaka kukwepa. Akaniuliza kwa upole tu, "Mamdogo, ni zile za Keko?" Nikashindwa kudanganya. Nikamwambia ndiyo, ni zile za Keko, ulinieleza nikakucheka. Hakulia mbele yangu. Alikwenda kumtoa Katibu kwenye boksi, akamweka kwenye sweta lake la shule.

Wasomaji wangu, tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa malalo ya simbilisi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, vumbi la mbao hapana, hata ukipewa bure. Kinachofaa ni maranda, yale makubwa yanayojikunja kutoka kwenye randa, na uyapepete kwanza. Uliza ni ya mti gani. Vumbi la mninga na mvule linawawasha hata mafundi wenyewe, sembuse mnyama wa kilo moja. Mbao zinazonukia sana kama mwerezi achana nazo, harufu ile tamu kwako ni sumu kwenye mapafu yake. Msonobari ukiwa mbichi nao una utomvu unaowasha. Uanike juani mpaka harufu iishe kabisa, ndipo utandike unene wa sentimita 5 hadi 8.

Pili, pumba za mpunga waachie wenye kuku. Zina ncha zinazochoma miguu na macho, na zina vumbi. Magunzi ya mahindi yakilowa yanaota ukungu upesi sana. Na usije ukaniambia umenunua ule mchanga wa choo cha paka. Simbilisi anatafuna kila kitu, na mchanga ule ukilowa unaganda, hata tumboni.

Tatu, magazeti. Gazeti hili ukishalimaliza, pamoja na safu yangu, una ruhusa kulitandika chini kabisa kama shuka la kwanza. Lakini peke yake halitoshi. Linateleza, na mkojo unabaki juu yake. Lazima kiwepo kitu cha kunyonya.

Nne, nyasi kavu, kama alivyosema bibi. Mjini zipo! Wanaouza marobota ya hei kwa wenye ng'ombe wa maziwa wapo, na hata majani ya kukata unaweza kuanika mwenyewe mpaka yakauke vizuri. Ila fahamu jambo moja: nyasi kwake ni chakula kwanza, kitanda baadaye. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kutwa nzima. Kwa hiyo ziweke upande mmoja, nyingi, safi, ajifiche humo na ale. Zikilowa au zikiwa na ukungu, toa. Mabua magumu yanayochoma usiweke, yanatoboa macho.

Tano, na hii ndiyo ninayotumia mimi, ni blanketi laini la mitumba, lile jepesi la manyoya mafupi wanalofunikia watoto wachanga. Nililipata Karume pale Ilala kwa Sh. 3,000. Chini unaweka taulo kuukuu, juu blanketi. Mkojo unapita kwenye blanketi unanyonywa na taulo, mnyama anabaki pakavu. Lakini usilitandike siku uliyolinunua. Lifue mara mbili tatu kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, bila ile dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo inazuia maji kupenya. Halafu mwagia maji kidogo. Yakisimama juu kama umande kwenye jani la mgomba, rudi kwenye beseni. Yakizama, tandika. Uwe na mawili, moja likiwa kwenye kamba jingine liko kazini. Na nyuzi zikianza kuchomoka lipumzishe, zinaweza kumfunga mguu.

Sita, kitanda kizuri bila kufagia ni bure. Kila asubuhi toa kinyesi na sehemu zilizolowa. Blanketi badilisha kila baada ya siku tatu nne, maranda yote yamwage mara moja kwa wiki, na sakafu uifute kwa siki iliyochanganywa na maji. Usiongeze jipya juu ya la zamani, mimi nimekwambia! Na nafasi iwe ya kutosha. Kwa wawili, mita moja kwa sentimita 70 hivi, ndipo wapate pa kulala mbali na pa kukojolea.

Mwisho, joto letu la Dar. Simbilisi ni mtoto wa milimani. Joto likivuka nyuzi 26 yuko hatarini, na sisi Januari tunacheza na 32. Kwa hiyo usimrundikie matandiko kama yuko Makete. Mweke kivulini panapopita upepo, na mchana mlazie chupa ya maji yaliyoganda, umeifunga kitambaa, kwenye kona moja. Utamkuta ameiegemea kama bosi kwenye kochi.

Na lile la kuoga? Daktari alicheka. Simbilisi anajisafisha mwenyewe, kumwogesha mara kwa mara ni kumtesa tu. Mwenye kuhitaji kuoshwa ni kitanda.

Nyayo za Katibu zimepona. Hawa wanyama hawapendi upweke, kwa hiyo tumemtafutia mwenzake, anaitwa Mhasibu. Wote ni majike, la sivyo sasa hivi ningekuwa na tarafa nzima.

Juzi mama mwenye nyumba amepiga hodi tena. Nikamkaribisha, akakaa kwenye kiti, akavuta pumzi kwanza. "Ehe, umefanya la maana kuwahamisha," akasema. Mtoto akainua kitambaa cha meza. Katibu na Mhasibu hao, hatua moja tu kutoka kwenye miguu yake, wamelala. Mama akawatazama kwa muda, akasema, "Kumbe hawanuki." Jana kamtuma mjukuu wake alete mapera mawili, "ya wale".

Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu vya shule, mtoto huyu anapiga magoti, anaweka kiganja juu ya blanketi, kisha anainamisha uso wake pale pale wanapolala, anavuta pumzi ndefu. Kiganja kikitoka kikavu na pua isipowasha, anakwenda shule. Zamani nilikuwa namwambia anachelewa. Siku hizi napiga magoti naye.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.