ELIMU YA BIASHARA IFIKE KEZA

Chuo cha biashara ni cha nani? Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, ili wananchi wazijue hesabu za duka, ghala na benki, kazi zilizokuwa mikononi mwa wageni. Jambo hilo lilikuwa jema, nasi twalisifu. Leo matawi yake yako Dodoma, Mwanza na Mbeya. Je, Keza?

Hapa Ngara wapo wakulima wauzao kahawa ingali maua mtini. Hiyo ndiyo butura. Mnunuzi anaijua bei ya mavuno. Mwenye shamba anaijua njaa ya leo. Njaa ndiyo inayomsukuma, lakini kutojua hesabu ndiko kunakomfunga.

Tena, Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba wa nikeli ya Kabanga, ikapata hisa asilimia 16. Na vijana wetu watapata nini? Kulinda lango na kubeba mizigo, au kushika daftari za hesabu na kuuza vyakula kwa mikataba yao wenyewe?

Wapo wasemao shahada hazina kazi, basi vyuo vifungwe. Hatukubali! Vyuo vigeuzwe. Mwanafunzi akae msimu mzima katika chama cha msingi, apime kahawa, akague daftari mbele ya wakulima, ndipo apewe cheti.

Twataka darasa Ngara, si ahadi. Mwenye mali asiyejua hesabu ni mlinzi wa mali ya mwingine.