Dhuluma Ikiitwa "Dili"



Neno "dili" limetokana na "deal" la Kiingereza, yaani mapatano ya biashara. Mitaani kwetu limebeba maana mbili zinazopingana. Mkulima wa Laela akisema mahindi mwaka huu ni dili, amekusudia kwamba yana soko na bei nzuri. Kijana wa mjini Sumbawanga akisema "nimepiga dili", mara nyingi amekusudia fedha ambayo hapendi kuulizwa ameipataje. Biashara ya halali na ulaji wa haramu vimevishwa kanzu moja.

Madhara yake huonekana wakati wa mavuno. Mnunuzi hupanda Ufipa na kutaka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ilhali kanuni za nchi zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, na kilo za ziada huondoka bure. Hukubali kwa kuwa ada ya shule inamngoja. Ridhaa yake ni ya dhiki. Naye mnunuzi hajioni mwizi, kwani wenzake humsifu kwamba amepata dili.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Neno la siku zile lilikuwa "ulanguzi", na mtu aliona haya kuitwa mlanguzi. Leo mtu wa dili huitwa mjanja. Tendo ni lile lile. Kilichoondoka ni haya.

Qur'ani Tukufu haikulipa jambo hili jina laini. Ipo sura iliyopewa jina la wapunjaji wenyewe, Al-Mutaffifin.

Je, tunasema lugha ya vijana ni haramu? La, hasha. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kutamka "dili", kila mmoja ajiulize: mwenzangu angejua yote ninayoyajua mimi, angeridhika? Ikiwa angeridhika, hiyo ni biashara, na faida yake ni halali. Ikiwa asingeridhika, tuliite jambo kwa jina lake: punjo, rushwa, wizi.

Tuanzie misikitini mwetu. Anayetumwa kununua mabati kwa michango ya waumini, kisha akaongeza bei kwenye risiti, hakupata dili. Amekula amana.

Wabillahi tawfiq.