Chai ya kukonda haisafishi damu

Siku hizi ni vigumu kutembea mjini bila kuuziwa chai ya kupunguza kitambi. Pakiti huahidi mambo mawili kwa pamoja: utakonda, na kolesteroli itashuka. Kuna wanaoiamini hata wakaacha dawa walizopewa na daktari. Hapo ndipo penye hatari.

Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, ile ile ambayo wazee wa pwani hutumia tumbo linapofunga. Ukiinywa utaendesha, na mizani itaonyesha umepungua kilo moja au mbili. Kilichotoka ni maji na choo. Mafuta hayakuguswa, kwa kuwa sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, na chakula hufyonzwa kabla ya kufika huko. Ukiizoea, mwili hupoteza potasiamu na moyo unaweza kupiga ovyo.

Vidonge navyo vina historia mbaya. Fenfluramini iliondolewa madukani mwaka wa 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramini ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka wa 2010, kwani iliongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo, wapimaji wamezidi kuikuta ndani ya vidonge vinavyouzwa kama "mitishamba", bila jina lake kuandikwa popote.

Kolesteroli ni jambo jingine kabisa. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lako mwenyewe, ndiyo maana hata mtu mwembamba kama ufito anaweza kuwa nayo nyingi. Haiumi; hujulikana kwa kupima damu. Dawa kama atovastatini na simvastatini hulipunguzia ini kazi hiyo, lakini ukiziacha, kolesteroli hupanda tena katika muda wa majuma machache.

Jikoni nako kuna msaada. Badili mafuta ya kuganda utumie ya maji, na maharagwe yasikose mezani. Kitunguu saumu ni kitamu, kile tu, ila hakiwezi kushika nafasi ya dawa.

Ukitumia simvastatini, usile balungi, maana huifanya dawa izidi mwilini na kudhuru misuli. Misuli ikiuma bila sababu, au ukipata mimba, mwone daktari upesi. Mbebee na hiyo pakiti ya chai aisome.